Ngozi ya Bapa

Mimi ni wa chuma.
Lechosław ni wa mvuke.
Ndivyo tulivyogawanywa, ghorofa ya tatu, Görlitz,
yeye dirishani upande wa mto, mimi ukutani,
na kati yetu bapa moja la turbini,
refu kama mkono wangu, kiwiko hadi kidole,
ambalo hatujawahi kuligusa.

Yeye husuka wavu wa mvuke:
karibu na ukuta, tabaka kumi na nane
nyembamba kama maganda ya kitunguu,
maana hapo, asema, ndipo mvuke unaponyenyekea,
unasahau mbio zake, unaburuta miguu.
Wavu wangu una matundu mapana.
Chuma hakina haraka.
Kipashe sasa, kitakujibu baada ya chai.

Kisha Bi Nietzold akasema: unganisheni.
Neno dogo. Lilitutafuna wiki tatu.

Siku ya kwanza bapa langu halikuonekana.
Mvuke wake ulikaa kiooni peke yake
kama shati lisilo na mtu,
hadi nilipoivuta picha nyuma, nyuma, nyuma zaidi,
kumbe bapa lipo, limetanda kuliko mji,
limepita mnara wa kanisa na stesheni:
mimi nilipima kwa milimita, yeye kwa mita,
na kompyuta, mtiifu asiye na akili, haikuuliza.
Lechosław alicheka mpaka akavua miwani.
Mimi nilicheka kesho yake, juu ya baiskeli, peke yangu.

Bapa lilipoingia shatini
tukabaki na deni la tatu kwa mia.
Joto linatoka kwake mia,
linanifikia tisini na saba.
"Forodha," akasema.
Bibi yake, enzi za walinzi darajani,
alivusha siagi chini ya sketi
kutoka Zgorzelec, na kila mara ilifika pungufu:
iliyobaki ilikuwa imeyeyukia pajani.

Haba na haba hujaza kibaba.
Haba na haba hukitoboa.

Tulizipata saa nne usiku, ukingo wa mbele,
pale bapa linapopinda kama kucha.
Yeye aliufuata mpindo kwa hatua mia mbili,
mimi niliukata kwa kumi na moja,
kama mtu anayepita njia ya mkato bustanini kwa jirani,
na kati ya nyayo zake na zangu
vikabaki vipande vya mwezi mwandamo,
si chuma, si mvuke,
havina mwenyewe.
Humo tatu zetu zilikuwa zimelala.

Nikafumua. Nikasuka upya.
Tangu hapo ni kupeana:
ananipa joto, namrudishia halijoto ya ukuta,
ananipa tena, namrudishia tena,
na mwanzoni ni ugomvi mtupu,
nambari zinapanda, zinaporomoka,
mvuke unakasirika ndani ya kufumba na kufumbua,
chuma bado kinavaa viatu.
"Usinipe yote kwa mara moja," akaniambia. "Nipe nusu."
Basi nikampa nusu ya niliyoyajua leo
na nusu ya niliyoyashika jana.

Duru ya arobaini. Ya tisini.
Nilikwenda kuchemsha maji, nikarudi,
mstari umelala kitandani mwake.
Mpakani hakuna halijoto yake na halijoto yangu.
Kuna ngozi moja tu,
nyuzi mia tano na kumi na mbili,
na kiasi kinachoondoka kwake
ndicho kinachoingia kwangu, hata punje.

Hatukushangilia. Alifunga skafu,
akatazama chini mto ambao sisi twauita Neisse
na mama yake, ng'ambo, huuita Nysa,
na ambao wenyewe haujawahi kuitika.
Akanipa mkono wa kuagana. Wake ulikuwa barafu,
wangu ulikuwa umetoka kwenye kikombe.
Kwa mazoea ya kazi nilihesabu duru.
Kufika ya nne sikujua tena upi ulikuwa wa baridi.

Jumatatu tunaanza safu ya pili.
Ina mabapa sitini na nne.