Moduli ya Tarehe

Nilishuka Maseno saa tatu asubuhi,
karatasi ndani ya bahasha ya kaki,
nikauvuka mstari wa ikweta kwa viatu vya matope
bila kuhisi chochote. Nilitarajia walau mtikisiko.

Mistari mia sita na kumi na miwili
ndiyo iliyonipeleka kwa Mama Perez.
Mumewe, Zablon Rading', aliiandika akiwa hai:
moduli ya tarehe, katika maktaba ya msingi
ya lugha yetu ya Sisimizi,
akaiacha bila neno la ruhusa juu yake.
Hakuandika "chukueni". Hakuandika "msiguse".
Na sheria, wasemavyo wanaoijua, ikikuta kimya
hukihesabu kuwa ni kukataa.

Miaka minne nimeilea moduli hiyo.
Mchana nahesabu fedha za chama cha akiba pale Luanda,
usiku natia viraka.
Mwezi ukizidi siku moja, kuna mtu nisiyemjua,
mahali nisipopajua, hesabu zake zinachacha,
naye huniandikia kwa hasira ya mnunuzi.
Sikumuuzia. Hakuna aliyemuuzia.

Mama Perez alikuwa kwenye mashine ya kufuma,
sweta za shule, kijani yenye ukanda mweupe.
"Wataiuza?"
"Wanaweza."
"Na mimi nitapata ngapi?"
Nikasema kweli, ulimi umenikauka: "Hakuna."
Mashine ikaenda safu tatu. Nne.
"Soma," akasema.

Nikamsomea leseni kifungu kwa kifungu:
ruhusa ya kutumia, kunakili, kugeuza, kugawa,
hata kuuza, mradi tamko hili na jina la mwandishi
vibaki katika kila nakala.
Nilipofika "bila dhamana ya aina yoyote"
alicheka hata uzi ukakatika.
"Hivyo ndivyo nilivyoolewa."

Akaufunga uzi. "Rudia pale pa jina."
Nikarudia.
"Kila nakala?"
"Kila nakala."
"Hata ya huyo mwenye kuuza?"
"Hata yake."

Kabla hajashika kalamu, nikamuuliza jambo langu mwenyewe.
Katika majaribio ya Zablon zimo tarehe tatu
anazozirudia kama mtu anayegusa mfuko kuona kama funguo zipo.
Kumi na saba Agosti, tisini na tatu?
"Tuliezeka mabati."
Tatu Machi, elfu mbili na moja?
"Walimwachisha kazi kiwanda cha sukari. Alirudi kwa miguu."
Ishirini na tisa Februari, elfu mbili na nane?
Mikono ikatulia juu ya sweta.
"Hiyo siijui."
Nikamwambia huo ni mwaka mrefu tu, mama,
kila fundi huijaribu siku hiyo.
Akanitazama kama mtu anayerudishiwa chenji pungufu.

Akatia sahihi polepole, akainusa wino, akanirudishia.
"Uliandike na ritifaa yake. Rading', ile alama mwishoni.
Kwenye kitambulisho waliisahau.
Kwenye cheti cha kifo waliisahau."

Usiku ule, Luanda, stima ikirudi na kupotea,
nikaliandika jina juu ya mstari wa kwanza
pamoja na ritifaa yake.
Chombo chetu cha kukagua leseni kikakataa:
kiliiona ile alama kama mlango uliofunguliwa,
kikatafuta wa kufunga hadi mwisho wa faili, kikaanguka.
Ingekuwa rahisi kuifuta. Kitufe kimoja.
Wa kitambulisho walikibonyeza, wa cheti walikibonyeza.

Nikakifungua chombo chenyewe.
Kilikuwa cha mtu mwingine, wa miaka mingi, jina lake lipo juu.
Nikamsalimu kimoyomoyo, nikaanza kukifunza
kwamba jina la mtu laweza kuishia hivyo.
Saa kumi alfajiri kikakubali.

Toleo jipya likatoka na majogoo.
Chini ya Zablon Rading' niliongeza mwaka,
sikuongeza langu.
Tarehe ile ya Februari nimeiacha ilivyo.