Leseni ya Muda

Mama alianza kuniita daktari
nikiwa kidato cha nne, siku ile
nilipomtoa jirani mwiba kwa sindano ya kushonea.
Vurra nzima ikafuata. Wakaja na majipu,
na mbuzi mmoja aliyekataa kula.

Chuo kikaninyima jina hilo miaka mitano.
Pale nilikuwa namba. Nilikuwa "wewe, wa miwani,
taja matawi ya mshipa huu," na mshipa
ulikuwa mweusi, unanuka dawa, na sikuyataja yote.

Kisha joho. Kisha mvua juu ya joho.
Mama alipiga vigelegele mapema mno,
akamshangilia Candiru mwingine, mtoto wa watu,
na yule, kwa adabu, akampungia mkono.

Nikadhani yamekwisha.
Baraza likasema: bado.
Likanipa karatasi nyembamba yenye neno "muda"
na mhuri wa zambarau: mwaka mmoja,
chini ya macho ya wakubwa.
Daktari, lakini. Daktari, ila.
Chai iliyoonjeshwa maziwa.

Hospitalini Arua, Sista Ezaru aliniita "binti".
Miaka ishirini na sita wodi ya watoto;
akigusa tu paji la uso, anajua
maabara itasema nini kesho.
Mtu akiita "Daktari!" koridoni
niligeuka nyuma kutazama
nani anakuja.

Usiku mmoja wa Juni, umeme umekatika,
jenereta inakohoa bila kuwaka,
mwanamume wa Terego aliingia na mwanawe begani,
mguu umevimba hadi pajani, matundu mawili kifundoni.
Saa nne njiani, alisema, kwa baiskeli.
Sista akanitazama. Bingwa alikuwa
upande wa pili wa simu isiyopokelewa.
Sikukumbuka ukurasa hata mmoja.
Nikasema, kwa sauti, mbele ya baba yake:
"Kipimo sikijui. Leteni kitabu. Leteni tochi."
Nikasoma mstari kwa mstari kwa kidole
kama mtoto wa darasa la kwanza,
na mwanga ukatikisika, sijui ni mkono wa Sista
au ni macho yangu.

"Daktari," akasema, bila kejeli,
"soma polepole."

Mtoto aliishi. Ningeweza kukudanganya
kwamba ndiyo sababu.
Wiki iliyofuata mwingine hakuishi,
na Sista aliniita vilevile.

Leseni kamili ilifika Machi
katika bahasha iliyokunjwa vibaya,
jina langu limepungukiwa herufi moja.
Mama ameitundika juu ya redio hivyo hivyo.
Jana alipiga simu: goti.
Miaka yote hiyo goti lake nalijua,
nalicheka, namwambia apake mafuta.
Jana niliuliza, "Linauma tangu lini?"

Akanyamaza. Nikasikia redio yake ikizimwa.
Halafu, kwa mara ya kwanza,
akanijibu kama mgonjwa.