Kiraka cha Pumzi

Shangazi Swabra alizijua habari za mwezi kwa njia ya sindano.
Jumanne ile, Aprili ya sabini, betri za redio zilikuwa zimelala;
akazianika dirishani Kibokoni, kama mtu anikavyo papa,
zikapata roho kidogo, zikasema:
watu watatu, chombo kimepasuka ubavuni,
hewa yavuja, na nyumbani ni mbali.

Hakuuliza umbali. Aliuliza: "Wana nini mle ndani?"

Redio ikajibu kesho yake, maneno yakikatika:
kichujio cha mraba, tundu la duara,
na pumzi zao wenyewe zageuka sumu.
Wameambiwa kutoka chini watafute mfuko wa plastiki,
karatasi ngumu, mpira, utepe wa gundi,
na soksi.
Shangazi akaondoa mguu kwenye cherehani.
"Soksi?"
"Soksi, shangazi."
"Basi watarudi. Hao ni watu wa viraka kama mimi."

Chengo, kuli wa Kilindini, alikuja kuchukua suruali,
akasimama mlangoni na deni la shilingi mbili
na hesabu kichwani:
"Kwa bei ya chombo hicho, Swabra,
Likoni yote ingepata maji ya mfereji, na chenji ikabaki.
Nani aliwatuma?"
Shangazi alikuwa na pini mdomoni. Akasema kwa meno:
"Aliyetumbukia kisimani huulizwi nani alichimba.
Unatupa kamba."
"Na akishatoka?"
"Akishatoka, mkalishe umuulize. Hata mimi nitauliza."

Ijumaa, saa tatu za usiku, wakatua majini,
bahari nyengine, huko ambako kulikuwa mchana.
Chengo alikuwepo, na ukelele ulikuwa wake,
ukaniamsha, nikadhani pana harusi.

Kisha ukaja wakati wa kuuliza.
Mwaka haukuisha, safari zikaanza kufutwa;
wakubwa wa kule walikuwa na vita vya kulipia,
na uchaguzi; na mwezi haupigi kura.
Chengo akacheka: "Waona? Wamesoma risiti."
"Nimeona. Mbona maji ya Likoni hayajaja?"

Kwani pesa isiyokwenda mbinguni
haiji kwa maskini kwa sababu hiyo tu.
Ina miguu yake,
ina nyumba zake za kulala.

Miaka ishirini na nne. Aprili tena.
Kivuko kikapinduka Mtongwe, asubuhi, watu wakienda kazini,
karibu na nchi kavu, karibu mno.
Shati la Chengo alilishona yeye;
kola hiyo angeijua hata gizani,
na aliijua.
Hapakuwa na sauti ya kuwaambia tafuteni soksi.
Baadaye walikuja watu wenye mafaili.

Shangazi hakulia mbele yetu.
Alinunua turubai la rangi ya chungwa
kwa fedha aliyomwekea binti yake,
akajaza maboya ya nyavu,
akashona jaketi za kuelea kumi na mbili,
akazipeleka ofisini kwa mkokoteni.
Karani alikuwa mpole. Alimpa kiti.
Akauliza: hizi zimetoka fungu gani la bajeti?
Akauliza mhuri.
Mkokoteni ukarudi ulivyokwenda, nauli mara mbili.

Siku hizi na sisi tuna shirika letu la anga.
Sina kinyongo nalo. Juni ikifika husikiliza bajeti
hadi mwisho, peke yangu, chai imepoa,
nikijua angetaka waende, vijana wetu,
waende hata kuliko na giza,
ila angesimama mlangoni kwanza, pini mdomoni:
mna nini mle ndani?
Na nani yuko chini, macho wazi, anawasikiliza?

Jaketi moja ninalo, nyuma ya mlango.
Mkanda wa kushoto ulichanika, akautia kiraka
cha soksi ya buluu, ya kiume.
Sikumuuliza ya nani.