Nukta ya Mia Mbili na Kumi na Tatu

Mkuu wa idara kaniambia: chora mstari.
Chini, alama za kuingilia chuo;
ubavuni, wastani wa mwaka wa kwanza.
Wanafunzi mia nne, nukta mia nne,
zikatapakaa kwenye kioo
kama uwele wa gunia lililotoboka.

Mstari ukapanda, mnyoofu, wa bluu.
"Unaona?" akasema. "Mtihani haudanganyi."

Mimi ni mtoto wa Kibaigwa.
Baba alipima mahindi sokoni miaka ishirini na sita,
najua debe halidanganyi.
Mkono ndio hulitikisa, hulishindilia,
au hulijaza polepole, punje zikae na hewa.

Basi jioni, ofisi tupu, nikazitia nukta rangi.
Nyekundu, wa shule zenye maabara.
Njano, wa Bahi, wa Chemba, wa Mpwapwa ndani ndani,
ambako maji ya jaribio huchemka ubaoni
kwa chaki.

Nilitaka njano zipae juu ya mstari.
Nilitaka zimsute mkuu.
Hazikupaa.
Chache tu; nyingi zililala palepale
zilipotabiriwa, nyingine chini yake.
Chai ikapoa nikiwa nazitazama.

Nikalifungua faili la mia mbili na kumi na tatu:
Sechelela Ndahani, wa Chipogoro.
Alitabiriwa mbili nukta moja.
Kapata mbili nukta moja.

Nikamkumbuka dirishani kwangu, Novemba,
bumu halijaingia,
amejibanza chumba cha wenzake watano,
na Kiingereza cha mhadhara kwake
kama mvua ya huku kwetu:
unaisikia, inanyesha mlima wa pili.

Kumbe ukuta uliomzuia Chipogoro
tuliubomoa tofali kwa tofali,
tukaupandisha lori,
tukaujenga upya hapa Ng'ong'ona,
kisha tukausifu mtihani
kwa kujua kwamba atajigonga.

Nilimpelekea mkuu mstari wake.
Ni wa kweli, sikuupinda.
Pembeni nikaandika kwa penseli,
maana nina watoto na kodi ya nyumba:
*Debe lililopima mlangoni
ndilo linalopima ghalani.
Nani atalipima debe?*

Leo karatasi imerudi mezani.
Kafuta "Nani",
kaandika jina langu.
Sijui kama ni kazi
au ni adhabu.