Kuosha Vyombo

Shangazi hunipigia simu kutoka Muheza
kuuliza nafanya kazi gani huku Florida.
Namjibu: naosha vyombo.
Anaguna. Na ile ada yote tuliyochanga!
Sisemi uongo. Sisemi kweli yote.

Chombo cha leo kimelazwa ghalani,
kirefu kama mabasi manne yaliyofuatana.
Jana kilikuja juu ya tishari, kimesimama wima,
miguu minne imetanda, masizi hadi mabegani,
kama mtoto aliyetumwa chumvi kwa jirani
akarudi na vumbi la nchi nzima.

Safari ya tisa hii.
Nasugua taratibu nisichubue rangi.
Mengine hayatoki:
masizi ya safari ya tatu yamezama,
yamekuwa ngozi.

Lorene Tackett, mkaguzi, amepiga magoti na tochi,
anatafuta ufa mwembamba kama unywele.
Baba yake aliziunda zile za zamani,
alikuwa akitoka Titusville na chakula kwenye mkebe.
Kumi na moja. Zote zikaishia baharini.
"Hakuna hata moja aliyoiona tena," anasema.
"Kila Krismasi alizitaja, kama marehemu."

Kupika wali mara moja, kisha kuvunja sufuria:
ndivyo walivyopanda mbinguni,
na ndiyo maana hatukualikwa.

Kipya kinyemi, kingawa kidonda.
Sawa. Lakini mimi nimekulia mitumba.
Shati langu la harusi lilikwisha kuvaliwa na mtu wa Ohio,
jina lake kwa kalamu ndani ya kola: D. Kessler.
Najua kitu kilichotumika kina siri yake:
mshono uliokuwa wa kukatika
ulishakatika,
ukashonwa.

Namuuliza Lorene, hivi nauli itashuka lini?
Anazima tochi.
"Imeshashuka. Kutoka bei ya mtaa mzima
hadi bei ya jumba moja."
Tunacheka mpaka mlinzi anachungulia.
Jumba! Sote wawili tumepanga,
na kodi ya mwezi huu
mimi bado.

Saa nane za usiku, mikono imekunjamana kwa maji,
ubavu wa chombo unaanza kunionyesha uso wangu,
vibaya, umepinda, lakini ni wangu.
Simu inatetema mfukoni.
Huko Muheza jua limekwisha kutoka.
"Vipi mwanangu, vyombo vimekwisha?"

Bado, shangazi.
Vingine viko njiani, na hiki keshokutwa kinatumika tena.
Naviweka tayari tu.
Wageni wenyewe
hawajaanza kuja.