Nyabenda

Kofia niliinunua Tabora, karibu na stesheni,
pama ya kijivu yenye unyoya mmoja wa kanga,
na muuzaji akanishikia kioo kwa muda mrefu
kuliko inavyohitajika kuuza kofia.
Nikajiona. Nikaongeza elfu tano bila kuombwa.

Nilikuwa narudi Kigoma baada ya miaka sita,
karani mkuu wa masijala, mimi Bukuru,
pacha niliyetangulia, na sikumruhusu mtu asahau.
Tai nyekundu. Viatu vyenye ncha ya kuchomea viazi.
Shangazi nilimpigia simu mara tatu:
"Mtanitambua kwa kofia."

Behewani kiti changu kilitazamana na ndoo,
ya buluu, mfuniko umefungwa kwa mpira wa baiskeli,
tupu, migebuka imeuzwa yote,
lakini harufu haikupata mnunuzi.
Mwenye ndoo akanikaribisha muhogo.
Nikatoa leso. Sikufuta jasho: niliziba pua,
nikainuka, nikaenda kusimama mlangoni
kama bendera iliyokosa mlingoti.

Urambo walinitazama. Kaliua walinitazama.
Msichana mmoja wa asali, sinia kichwani, alicheka,
nami nikajua amecheka kwa kupendezwa.
Basi kila stesheni nikajitoa nje kidogo zaidi,
mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kiunoni,
koti likipepea, unyoya ukipepea,
na hata pasipo stesheni, penye miyombo na vichuguu tu,
nikajitoa, maana nani ajuaye,
huenda na miti inatazama.

Daraja la Malagarasi sikuliona.
Nilikuwa nimeligeuzia mgongo
nikikitazama kivuli changu kinavyokimbia juu ya nyasi,
kirefu, kizuri, kimevaa kofia.
Kisha nyasi zikaisha, kivuli kikaanguka majini,

na kitu kikanivuta shingo.

Kwanza tai. Halafu mshipi. Halafu nikawa sakafuni
juu ya maganda ya muhogo,
na pale kilipokuwa kichwa changu
kikapita chuma, na chuma, na chuma,
vu, vu, vu,
kimojawapo kikiondoka na pama yangu.

Sikupiga kelele. Kelele inataka mate.
Suruali ilikuwa imepasuka nyuma
na sikuwa na mkono wa kuiziba:
yote miwili ilikuwa imekumbatia mguu wa mwenye ndoo,
mguu wenye kisigino cha nyufa na gamba moja la samaki,
na sikuuachia mpaka Uvinza.

Anaitwa Mama Minani. Minani ni wa nane.
Saba waliomtangulia wana majina, hakuyataja.
"Mmoja nilimtoa ziwani, kwa nywele," alisema,
"mmoja nikamtoa motoni, kwa mguu.
Siku zote nilikuwa sijui tai ni ya nini."
Akahesabu vidole, akacheka peke yake.
"Basi wewe ni Nyabenda."
Wa tisa. Mziwanda, mimi niliyetangulia.
Akanipa tena ule muhogo.
Ulikuwa umepoa. Niliula na maganda yake.

Kigoma tulifika mvua ikinyunya.
Shangazi alisimama kando ya reli, anakagua vichwa vya watu,
macho yake yakanipita mara mbili.
Nilikuwa na kitenge cha Mama Minani kiunoni
na ndoo ya buluu kichwani, sasa ina chumvi ya Uvinza,
na mvua ilikuwa inaiosha taratibu,
ikinichirizishia sikioni kila kilichobaki cha migebuka.

"Bukuru!" aliita shangazi, akiwaita watu wote.
Nikavuta pumzi nijibu.

"Nyabenda!" sauti ikanipiga mgongoni.
"Chumvi hiyo! Unaiyumbisha!"

"Naam, mama," nikasema,
nikashika kwa mikono miwili.