Doto Alale Nyumbani

Saa kumi na moja alfajiri, mwaloni Kayenze,
Fuso la Kanyerere linaitwa kazini
na linajibu kama mgonjwa wa kifua:
ng'uuu… ng'uu… ng'u.
Kisha tik. Tik tu,
na magunia ya dagaa mgongoni yanangoja soko.

"Stata imekufa, fundi," ananiambia kabla sijashuka kwenye boda.
Kila mwenye gari ana maiti yake tayari,
mimi naitwa kuchimba kaburi.

Sichimbi. Nashika nyaya kwanza.
Waya ulioliwa na kutu ukipitishwa umeme huchemka,
hukuambia kiganjani: hapa ndipo ninapoiba.
Chanya, baridi. Hasi, baridi hadi kwenye shasisi.
Stata naigonga kwa mpini wa nyundo,
inalia mlio wa chuma kizima.

Basi nabaki na mapacha.
Dizeli kubwa haiamshwi na betri moja;
ni mbili, zimefungwa mkia kwa kichwa,
nami huziita Kulwa na Doto, kila gari, mwaka wa kumi na nne sasa.
Mita kwa Kulwa: kumi na mbili nukta saba.
Mita kwa Doto: kumi na moja nukta nne.
"Piga!" na Lushinge, utingo, anazungusha ufunguo.
Kulwa anayumba kidogo, anasimama.
Doto anaanguka hadi sita
kama mtu aliyevutiwa kiti.

Zilinunuliwa siku moja, duka moja, Mabatini;
risiti Kanyerere anayo, kaikunja ndani ya leseni.
Mapacha wa tumbo moja, mbona mmoja kazeeka?

Nafungua vifuniko sita vya Doto.
Kingekuwa chumba kimoja kimekufa, ningesema bahati mbaya,
kiwanda, mashimo ya barabara.
Lakini kielea kinazama cha kwanza, kinazama cha pili,
vyumba vyote sita vimechoka sawasawa
kama watu waliokesha msiba mmoja.

"Linasumbua siku zipi?"
"Halina siku! Majuma mawili nyuma liliwaka kama pikipiki.
Juma hili, kila asubuhi, hivi hivi."
Natazama juu. Hakuna mwezi.
Majuma mawili nyuma mbalamwezi ilijaa ziwa zima
na mitumbwi ya dagaa ililala kifudifudi mchangani.

Nati za Kulwa zina vumbi la tangu Januari.
Za Doto zinang'aa.
Na ndani ya kibanio, mahali ambapo gunia halifiki,
pamenata gamba moja la dagaa.

Namtuma Kanyerere akaninunulie chai.
Lushinge anaangalia malapa yake.
"Taa ngapi?"
"Nne."
"Kiasi gani?"
"Elfu sita kwa usiku. Mtumbwi wa mjomba. Hana sola."

Namweleza huku nikiosha asidi kwa maji ya magadi:
betri ya stata imezaliwa kupiga ukelele mmoja na kunyamaza.
Ukiilazimisha inong'one hadi kuche,
risasi yake inaota ukoga mweupe, haimezi chaji tena.
Anaitikia kwa kidevu. Haniombi ninyamaze.
Hilo ndilo linalonisumbua.

Tunaazima umeme kwa lori la jirani.
Fuso linakohoa moshi, linatetemeka, linawaka.
Kanyerere anarudi mbio, nusu ya chai iko kwenye shati:
"Nilikwambia! Stata!"

Naandika risiti juu ya goti.
Betri moja, mpya. Kufuli ya sanduku la betri, moja.
Kulwa mzima. Doto alale nyumbani.
Anasoma, anacheka, anasema mafundi wa kike mna maneno.
Lushinge anaisoma polepole zaidi.

Usiku niko mlangoni kwangu, Igombe. Giza totoro.
Ziwani taa za dagaa zimewashwa, safu nyuma ya safu,
nazihesabu hadi zinanichanganya.
Naitafuta ile isiyokuwepo.
Naanza tena, kutokea upande wa Kayenze.